Orodha Kabla ya Mashine: Historia ya Nairobi Kwenye Rafu za McMillan

Kwenye Mtaa wa Banda, katikati ya Nairobi, ubavuni mwa Msikiti wa Jamia, lipo jengo la nguzo nene lenye simba wawili wa mawe mbele ya mlango. Hiyo ndiyo Maktaba ya McMillan. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa juhudi za Lucie McMillan, aliyetaka jina la marehemu mumewe lidumu. Mume huyo, William Northrup McMillan, alikuwa Mmarekani mzaliwa wa St. Louis aliyemiliki ardhi kubwa upande wa Juja na Ol Donyo Sabuk, na alimpokea Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipokuja kuwinda mwaka 1909. Shirika la Carnegie la New York lilichangia ujenzi. Mwaka 1938 maktaba ikatungiwa sheria yake yenyewe.

Kwa takriban miongo mitatu, wenyeji wa nchi hawakuruhusiwa kusoma humo. Ilikuwa maktaba ya Wazungu. Ukoloni ulipokuwa unafikia ukingoni, Baraza la Jiji likaichukua na kuifungulia umma, na leo iko mikononi mwa Kaunti ya Nairobi, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa maneno mengine, mwenye mali ni mkazi wa jiji: fundi wa Gikomba, mwalimu wa Makadara, mwanafunzi wa Umoja. Mali yenyewe si haba. Hazina ya McMillan inakadiriwa kuwa zaidi ya vitu 400,000, na humo mna magazeti ya miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, majarida, taarifa za Bunge na picha.

Swali langu ni moja: mwenye mali huyu anaifikiaje mali yake? Nimesoma maandiko mengi ya miradi ya kuokoa nyaraka, na karibu yote hupanga mambo kwa mfuatano uleule. Kwanza jengo likarabatiwe, pili zinunuliwe kompyuta na skena, tatu nyaraka zipigwe picha na kuwekwa kwenye intaneti, nne umma ualikwe. Mfuatano huo unapendeza kwenye karatasi. Ukifika kwenye rafu zenyewe unapungukiwa na jambo moja ambalo haliingii kwenye picha za uzinduzi wala haliko katika hotuba ya mgeni rasmi, nalo ni orodha. Mradi wa nyaraka huishi au hufa kwenye orodha, na orodha hutengenezwa na watu wanaolipwa kukaa chini, kufungua jalada moja baada ya jingine, na kuandika kilichomo.

Jengo huonekana, orodha haionekani

Mwaka 2017 wanawake wawili wa Nairobi, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, waliunda shirika la Book Bunk ili kufufua maktaba tatu za umma: McMillan yenyewe na matawi yake mawili ya upande wa mashariki, Kaloleni na Makadara. Mwaka uliofuata wakaingia ubia na kaunti. Uamuzi wao wa kuanza na matawi ulikuwa wa busara. Matawi ni madogo, gharama yake inabebeka, na watoto wa mitaa ile walihitaji mahali pa kusomea siku hiyohiyo, bila kungoja hadi jengo kubwa la mjini liishe.

Kilichofuata ni kile ambacho kila aliyewahi kusimamia mradi wa umma nchini mwetu anakijua. Machi 2020 likaja janga la korona na milango ikafungwa. Desemba mwaka huohuo gavana wa Nairobi akaondolewa madarakani, na Agosti 2022 akachaguliwa mwingine. Kila uongozi unapobadilika, wenye mradi huanza upya kueleza wao ni nani, makubaliano yanasema nini na funguo ziko kwa nani. Yote hayo hayamo kwenye jedwali la utekelezaji, lakini hula muda kuliko saruji na rangi. Filamu ya How to Build a Library, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2025, inafuatilia safari hiyo ya miaka mingi, na mtazamaji huondoka akielewa kwamba maktaba hujengwa zaidi kwenye vikao kuliko kwenye jukwaa la mafundi.

Matawi yalikarabatiwa, yakapata mwanga, meza na vitabu vya watoto. Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya mwaka 2023, maktaba ya Eastlands, yaani tawi la Makadara katika eneo hilo la mashariki ya jiji, ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Nafurahia jambo hilo kwa moyo wote, kwa sababu Eastlands hutajwa magazetini mara nyingi kwa mabaya. Lakini lina somo ndani yake. Mgeni huonyeshwa chumba. Hakuna mgeni anayeonyeshwa rejesta, na mfadhili hupenda kulipia kile ambacho mgeni ataonyeshwa. Hivyo kazi ya kuorodhesha hubaki nyuma katika karibu kila mradi wa aina hii, huku ikisubiri fedha ambazo tayari zimeshaingia kwenye vigae na taa.

Jalada moja mezani

Tuchukue jalada moja la magazeti ya zamani na kulitazama kwa karibu. Ni kitabu kizito cha upana wa meza ndogo, kilichoshonewa magazeti ya miezi mitatu au sita. Gamba lake limefifia. Uti wa mgongo umeachia upande mmoja, kwa hiyo halishikwi kwa kuvutwa juu kutoka kwenye rafu. Huingizwa mikono miwili chini yake na kubebwa kama mtoto mchanga. Ukilifungua, kingo za kurasa zimekuwa za rangi ya chai, na kila ukurasa unapogeuzwa vipande vidogo huanguka mezani. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo la mbao, na ndani yake mna kemikali ya mti iitwayo lignini inayogeuka asidi kadiri miaka inavyopita. Joto na unyevu huharakisha uharibifu huo. Mahali ambapo paa limevuja, kurasa zimegandamana na ukungu umeota. Mahali ambapo mchwa amepita, utakuta tundu lililoanza Januari na kutokea Machi.

Mtu anayepiga picha jalada hili hawezi kulilaza kwenye skena ya ofisi na kulibana kwa kifuniko. Huliweka juu ya mito inayobeba kila upande kwa pembe, kamera ikiwa juu, taa mbili ubavuni, na hugeuza ukurasa kwa kiganja kizima ili usichanike. Kisha hukagua picha: je, safu ya ndani karibu na mshono inasomeka? Je, tarehe imeonekana? Ukurasa uliochanika unarudiwa ukiwa na karatasi nyeupe nyuma yake, ili maandishi ya ukurasa wa chini yasichungulie kwenye tundu.

Sasa tupige hesabu. Gazeti linalotoka siku sita kwa wiki, lenye kurasa 12, linatoa zaidi ya kurasa 3,700 kwa mwaka. Kwa miaka 30 ni zaidi ya kurasa 110,000. Timu yenye bidii ikipiga picha kurasa 400 kwa siku, itahitaji siku 280 za kazi, yaani zaidi ya mwaka mzima kwa gazeti moja tu. Picha ya rangi ya ukurasa mkubwa, kwa nukta 300 kila inchi na bila kubanwa, hukaribia megabaiti 100, kwa hiyo gazeti hilo litakula zaidi ya terabaiti 10. Kwa kuwa kanuni ya kazi hii ni kuweka nakala tatu, mojawapo ikiwa nje ya jengo, zidisha mara tatu. Na diski hizo zitahitaji kubadilishwa baada ya miaka michache, wakati mfadhili ameshaondoka na ripoti ya mwisho imeshaandikwa.

Haya yote yanawezekana. Yamefanywa kwingine na yanaweza kufanywa kwetu. Ninachosema ni kwamba hayapaswi kuanza kabla ya kujua jalada lipi lianze. Bila orodha, timu huanza na rafu iliyo karibu na mlango. Hupiga picha toleo ambalo lipo pia kwenye jengo jingine la jiji hilohilo, na kuliacha toleo la pekee ambalo halipo popote pengine duniani likizidi kuoza chini ya bomba linalovuja.

Barabara yenye majina mawili

Wapo watakaosema kwamba kompyuta itajitafutia yenyewe. Picha ikishapatikana, programu itasoma herufi, na msomaji ataandika neno lake na kupata jibu. Programu hizo zimeboreka kweli, na nashukuru kwamba zipo. Hata hivyo hujikwaa kwenye wino uliofifia na safu nyembamba za magazeti ya kale. Na hata zikisoma kila herufi sawasawa, haziwezi kumjua mtu aliyebadilisha jina wala mtaa uliobatizwa upya.

Mkazi wa Makadara akitafuta habari za Barabara ya Jogoo kwenye magazeti ya miaka ya 1940 hatapata kitu, kwa sababu wakati huo iliitwa Doonholm Road. Moi Avenue ilikuwa Government Road. Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue. Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street. Kenyatta mwenyewe, kabla ya jina la Jomo kuenea, aliandikwa Johnstone. Karani wa kikoloni naye aliandika majina ya watu wetu alivyoyasikia, leo hivi na kesho vile. Ni mkutubi anayeijua Nairobi ndiye anayeweza kuandika kwenye kadi: tazama pia Doonholm Road. Maneno hayo machache ndiyo yanayoufungua mlango, na mtu wa kuyaandika ni yule aliyekulia hapa au aliyekaa na waliokulia hapa.

Katika maktaba nyingi za umma, ujuzi huo tayari upo, ila uko kichwani. Kuna mfanyakazi wa siku nyingi anayejua kwamba majalada ya vita yako chumba cha chini upande wa kushoto, kwamba rafu ya tatu ilihamishwa mvua ilipoingia, kwamba sanduku lisilo na jina lina picha za uzinduzi wa mitaa. Akistaafu, anaondoka na katalogi yote. Miradi huwaleta wataalamu wa kompyuta kutoka nje na kusahau kumkalisha mzee huyu na kijana mwenye daftari kwa miezi sita. Mimi ningeanza hapo. Ni gharama ndogo kuliko zote, na ndiyo isiyosubiri.

Ukumbi wa Kaloleni, Aprili 1950

Faida ya orodha huonekana vizuri kwa mfano wa mtaa mmoja. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, na ukumbi wake ukawa mahali pa mikutano mikubwa ya siasa. Tarehe 23 Aprili 1950, Jumapili, vyama vya siasa vya Kenya African Union na East African Indian National Congress vilikutana humo kwa pamoja. Hapo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai walikamatwa. Singh alizuiliwa hadi 1961, miaka 11 na zaidi.

Mtoto anayesoma leo katika maktaba ya Kaloleni yuko hatua chache kutoka kwenye ukumbi huo. Akiijua tarehe, anaweza kwenda McMillan na kuomba jalada la Aprili na Mei 1950, asome gazeti la walowezi lililiandika vipi jambo hilo na lililiweka ukurasa wa ngapi, ujirani wa matangazo gani. Hilo ni somo la historia ambalo hakuna kitabu cha kiada kitakachompa, kwa sababu ataona jinsi habari iliyokuja kubadilisha maisha ya babu yake ilivyopimwa na watu ambao hawakumtaka babu huyo aingie katika chumba chao cha kusomea. Lakini asipoijua tarehe, na kwa kawaida haijui, atahitaji faharasa yenye neno Kaloleni na orodha ya siku ambazo mtaa wake ulitajwa. Bila hiyo atapewa rundo la vitabu, atageuza kurasa kwa saa moja, atachoka na kurudi nyumbani. Mradi utamhesabu miongoni mwa waliotembelea maktaba. Yeye atakuwa hajapata kitu.

Kisichokuwepo kwenye rafu

Orodha nzuri ina kazi ya pili: huonyesha mapengo. Kumbukumbu za Kenya zimepoteza mengi. Mwaka 1939 moto uliteketeza jengo la Sekretarieti jijini Nairobi pamoja na nyaraka nyingi za miaka ya mwanzo ya utawala. Uhuru ulipokaribia, maofisa wa kikoloni walichoma sehemu ya mafaili na kusafirisha mengine Uingereza. Serikali ya Kenya iliyaulizia mapema, mwaka 1967, ikanyimwa. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau, ndipo Uingereza ilipokiri kwamba inayo kwenye ghala la Hanslope Park, na takriban mafaili 1,500 yalihusu Kenya. Miaka miwili baadaye serikali ya Uingereza ikakubali kulipa fidia. Kesi ile inatufunza kwamba barua za kale zilizoorodhesha kilichosafirishwa zinaweza kuwa na uzito mahakamani kuliko miaka ya malalamiko. Anayejua kilichokosekana anaweza kukidai.

McMillan pia ina pengo lake, nalo limetokana na jinsi ilivyoanzishwa. Mkusanyiko wa walowezi ulikusanya sauti ya walowezi. Katika kurasa zao Mwafrika huonekana zaidi kama kibarua, mshtakiwa au idadi. Kijiji cha Pangani, kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wake kuhamishiwa Shauri Moyo, kitaonekana humo kama suala la afya na usafi. Mtu atakayetaka kujua walionyang'anywa nyumba walisema nini lazima aende kwingine. Kuna magazeti ya Kiswahili: Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na kujaa barua za wasomaji wa kawaida, na Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939. Kuna Muigwithania la Kikuyu, lililohaririwa na Kenyatta mwaka 1928. Na kuna masanduku ya chini ya vitanda.

Masanduku hayo ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote Eastlands. Mna vipande, yaani vitambulisho vya kazi vya enzi za ukoloni, kadi za kodi ya nyumba, kadi za vyama vya wafanyakazi, picha za timu za mpira na za harusi zilizopigwa studio, barua za mwana aliyeenda kusoma ng'ambo. Familia nyingi hazitaki kuzitoa, na ziko sahihi. Njia iliyo bora ni maktaba ya mtaa kutangaza siku moja kwa mwezi, mtu alete karatasi yake, ipigwe picha mbele ya macho yake, aeleze ni nani na ni lini, aandike ruhusa yake, kisha arudi nayo nyumbani siku hiyohiyo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatambua ridhaa hiyo, lakini hata bila sheria, adabu ingeidai. Maelezo ya mama mwenye picha huandikwa palepale, kwa sababu picha isiyo na majina ni hasara ya kesho. Baada ya miaka 20 hakutakuwa na wa kuuliza.

Matawi ya Kaloleni na Makadara yanafaa kazi hii kuliko jengo la mjini. Mama mzee hatapanda matatu hadi Mtaa wa Banda na bahasha ya picha kumpelekea mtu asiyemjua. Kwenye tawi atamkuta kijana wa jirani yake, atapewa kiti, atazungumza kwa Kiswahili chake, Kidholuo chake au Kikamba chake. Hapo nyaraka za walowezi na nyaraka za waliotawaliwa zitakutana kwenye orodha moja, kila moja ikiisahihisha nyingine.

Tunachopaswa kudai

Kaunti itakayopanga mradi kama huu, iwe Nairobi, Mombasa yenye maktaba ya Seif bin Salim iliyoanza mwaka 1903, au Kisumu, ianze na mstari mmoja wa bajeti ambao mara nyingi haupo: mishahara ya waorodheshaji kwa miaka isiyopungua mitatu. Wawe waajiriwa wa kaunti, wasiwe vibarua wa mfadhili, ili mradi ukiisha kazi ibaki. Waanze kwa kumsikiliza mfanyakazi mkongwe. Waandike kila jalada lilipo, linahusu nini, hali yake ikoje, na kama lipo pia kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa au chuo kikuu. Wachapishe orodha hiyo kwa Kiswahili na Kiingereza hata kama ina makosa, kwa kuwa wasomaji wataisahihisha. Paa lizibwe wakati huohuo, maana mvua haisubiri. Baada ya hapo skena inunuliwe, na kila shilingi itajua inakwenda wapi.

Nasi wasomaji tuna wajibu. Tukienda maktaba, tusiombe kitabu tu. Tuulize mna nini kuhusu mtaa wetu, nani ameandika orodha yake, na naweza kuiona wapi. Maswali hayo yakiulizwa mara nyingi huingia kwenye ripoti ya mwezi, na yakiwa kwenye ripoti diwani anaweza kuyabeba hadi kwenye bunge la kaunti siku ya bajeti. Mkazi wa Makadara amelipa kodi ya majengo haya kwa miaka mingi, na babu yake alilipa kabla ya kuruhusiwa kuingia. Kumwambia waziwazi, kwa maandishi, kilichomo ndani ni deni lake tunalopaswa kulilipa kabla ya kuzindua mradi mwingine wowote.